Mama Funguo na Kabati la Viatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, muuguzi wa kituo chetu cha riadha, ambaye sote tunamwita Mama Funguo, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wakimbiaji wanaodhani sasa watapumua wasome hadi mwisho.

Alianzia kazi katika stoo ya mipira, yenye kitanda kimoja, kipimajoto kimoja na dirisha lisilofungika. Ndani ya mwezi mmoja akaweka utaratibu tunaoufuata hadi leo: kila asubuhi, kabla ya kukanyaga uwanja, mkimbiaji hupita dirishani kupimwa joto. Mwenye homa huvua viatu vya mazoezi, vikafungiwa kwenye kabati la chuma, na ufunguo hubaki shingoni mwa muuguzi. Ukipona utavipata. Wengi walijitetea kwamba ni vumbi tu. Vumbi halikuwahi kulifungua kabati hilo, wala machozi, wala barua za wazazi.

Makocha wa enzi hizo walimwona mkorofi. Kwao, aliyepiga chafya alikuwa mvivu. Mama Funguo hakubishana. Kwa miaka minne aliandika katika daftari lake jekundu nani ameugua mafua na wiki gani, kisha akaliweka mezani kwa kocha mkuu. Mafua yalijazana baada ya wiki za mazoezi makali mno. Alieleza kwamba mazoezi ya wastani huusaidia mwili kujikinga, lakini ukiusukuma kupita kiasi bila kuupumzisha, huenda kinga yake ikalegea kwa muda. Kocha alilisoma mara mbili, akaziingiza siku za mapumziko kwenye ratiba.

Ninachomvulia kofia zaidi kilitokea miaka ya karibuni. Alirudi kutoka semina moja, akabandua ukutani bango lake mwenyewe lililosema mazoezi makali huua kinga. Wataalamu bado wanavutana, alituambia. Huenda usingizi haba, safari ndefu na chupa moja ya maji inayozunguka watu sita vina lawama kubwa zaidi. Akapekua daftari, akagundua kwamba hakuwahi kuandika nani alikunywa chupa ya nani. Alicheka hadi akajifuta machozi. Kesho yake kila mtu alikuwa na chupa yake, hata mpishi, ambaye hajawahi kukimbia popote.

Sasa nikiri langu. Mimi kocha ninayeandika haya nilikuwa mkimbiaji wa mita elfu kumi. Siku mbili kabla ya mchujo wa timu ya taifa nilikutwa na homa ya mafua, viatu vikaingia kabatini. Nilimwita majina yasiyofaa kuandikwa hapa. Siku ya mchujo niliazima viatu vya mwenzangu nikatoka kimyakimya, nikamkuta amesimama getini na kandambili zake, akaniambia nimpite kama naweza. Sikuweza.

Wiki hiyohiyo daktari alinikuta na uvimbe kwenye misuli ya moyo, uliotokana na yale mafua. Alisema ningekimbia, huenda nisingefika mwisho. Nililala kitandani miezi mitatu. Kila Jumapili Mama Funguo alikuja na viatu vyangu mfukoni, akanionyesha, akaondoka navyo. Nilimchukia sana, na kila Jumapili nilimsubiri kwa hamu.

Juzi alinikabidhi ufunguo. Jana asubuhi akaja na raba mpya alizonunuliwa na wajukuu kwa ajili ya mizunguko mitano ya kuagana tuliyopanga kuikimbia Jumamosi. Alikuwa akipiga chafya. Nikampima: nyuzi thelathini na nane na nusu. Akasema ni vumbi tu.

Mama, kwa niaba ya wafanyakazi wote na vifua vyote ulivyovilinda, ahsante. Moyo wangu bado unadunda kwa sababu yako. Tunakutakia afya tele, usingizi wa kutosha na wajukuu wasiokuchosha. Mizunguko mitano tumeiahirisha, hakuna atakayeikimbia bila wewe. Raba zako ziko kabatini. Ukipona utazipata.