Mama Draya na Waya wa Chumba cha Kufulia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha vifaa vya kutambua moto, Mama Draya anakabidhi ngazi. Jina hilo alilipata kwa ile draya ya nywele isiyotoka kwenye mkoba wake wa bisibisi. Wageni humdhania msusi, mpaka wamwone kapanda juu anapuliza dari.

Alianza kama msaidizi, akiburuza mabunda ya waya, na anaondoka akiwa fundi mkuu. Majengo mia mbili na kumi na manne yana mkono wake. Mumewe analalamika kwamba hata kitambuzi cha jikoni kwao hufanyiwa mtihani kila mwezi, na mshika ngazi ni yeye.

Kwa wasioijua kazi yetu: kitambuzi cha joto hakibabaishwi na mvuke, ndiyo maana hufungwa majikoni na kwenye vyumba vya kufulia. Huamsha king'ora chumba kikifikia kiwango cha joto kilichopangwa, na vingine huwahi zaidi, joto likipanda ghafla. Waya hutoka kwenye paneli, yaani sanduku la ukutani linaloongoza king'ora, huingia kitambuzi cha kwanza, hutoka kwenda cha pili, hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari, penye rezista ndogo, kipande cha kupunguza umeme. Umeme kidogo hupita humo saa zote. Waya ukikatika popote, paneli huwasha taa ya manjano.

Sisi wengine tukishakipasha kitambuzi joto kwa draya na king'ora kikalia, tunafunga mkoba. Yeye huendelea. Hung'oa vitambuzi kimoja kimoja, jambo ambalo ni sawa na kukata waya, aone kama paneli italalamika. Tulimcheka sana kwa hilo, na mara nyingi tulichelewa chakula cha mchana.

Miaka kumi na miwili iliyopita tulimaliza chumba cha kufulia cha hospitali moja, ufunguzi ukiwa kesho yake. Vitambuzi vyote viliitikia draya. Lakini alipong'oa kilicho juu ya mashine za kukaushia nguo, paneli ilikaa kimya. Fundi mmoja, kwa kutaka kuwahi, alikuwa amekiunga kwa tawi la pembeni badala ya kuupitisha waya ndani yake. Tawi lile lingekatika, asingejua mtu. Mama Draya alikataa kutia saini mpaka waya uvutwe upya. Ufunguzi ukasogezwa siku mbili, mkurugenzi wetu akaja juu, akataka kujua kosa ni la nani. Mama akajibu kwamba kazi ni yake. Barua ya onyo akapewa yeye.

Mwezi uliofuata, fundi bomba alikata waya ule ule bila kujua. Taa ya manjano ikawaka, ukaungwa siku hiyo hiyo. Siku tisa baadaye, nyuzinyuzi za nguo zilishika moto nyuma ya mashine. King'ora kililia mapema, na wafuaji wote kumi na mmoja walitoka wazima.

Mama, tunajivunia kufanya kazi chini yako, na tunakushukuru kwa moyo wote. Uwe na afya njema, na siku zako za mapumziko ziwe ndefu na za furaha.

Jina la fundi yule hukulitaja hata kwa utani. Ndiye anayeandika wasifu huu. Naomba uongozi uitoe barua ile kwenye faili lako kabla ya tarehe 30, na uiweke kwenye langu.