Mita Sita za Mzee Ignasi

Marehemu Ignasi Loth alizaliwa Laela tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa nne wa Mzee Loth na Mama Rahel, wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Laela, mwaka 1969 hadi 1975. Hesabu aliziweza. Mwandiko wake, tuseme ukweli, hata yeye mwenyewe ulimshinda kuusoma.

Mwaka 1983 alipata kazi kwa wapima ardhi mjini Sumbawanga, ya kuvuta futi na kupigilia vigingi, akaifanya hadi alipostaafu mwaka 2019. Mwaka 1987 alifunga ndoa na Kristiana, wakajenga Chanji, mjini hapo hapo. Siku ya posa alisahau futi kwenye mfuko wa koti, wakwe wakamuuliza kama amekuja kuoa au kupima uwanja.

Mama Rahel alifariki hapo Chanji, nyumbani kwa mwanawe, mwaka 2004. Uchochoro ulikuwa mwembamba, jeneza likashindwa kukata kona. Ilibidi linyanyuliwe na kupitishwa juu ya ukuta wa ghala la jirani, Bwana Huseni Amin. Ignasi alililia jambo hilo kuliko alivyokililia kifo chenyewe. Tangu hapo neno lake likawa moja: njia ya mita sita, ili kila nyumba ifikiwe na gari, liwe la mgonjwa au la maiti.

Ndiyo maana mwaka 2020 aligombea udiwani. Hakuahidi maghorofa. Alisema mji ukue kwa kupangwa: tujenge kwanza kwenye nafasi zilizobaki katikati, soko liwe mwendo wa miguu, bonde la maji liachwe bila nyumba, na mashamba ya ulezi yasimezwe na viwanja. Watu walimpigia makofi. Kisha akafanya kosa ambalo mpima ardhi tu ndiye angelifanya. Ili kila mtu aione njia itakapopita, alizunguka mtaa mzima akitia alama ukutani kwa rangi nyekundu. Jamani, rangi nyekundu! Nani asiyejua kwamba hiyo ni bomoa? Kufika jioni kina mama walikuwa wanafunga vyombo. Kura zikaenda kwingine, na mwenyewe alikiri kwamba amejitakia.

Hakununa. Wiki iliyofuata alibomoa jiko lake mwenyewe, lililokuwa limeingia njiani, na Mama Kristiana akapikia chini ya turubai msimu mzima wa mvua, akimsema asubuhi na jioni. Ndipo Ignasi akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba, safari hii bila rangi. Kaya kumi na moja zikasogeza kuta zao. Likabaki ghala la Bwana Huseni, pale njia inapoanzia. Kila Idi Ignasi alipeleka kuku, kila Krismasi Huseni alileta mchele wa Mtowisa. Wakala, wakataniana, na ghala likabaki pale pale. Huseni aliogopa. Akilivunja, riziki ya watoto wake ataiweka wapi?

Novemba 2025 Mzee Ignasi alipata kiharusi. Alibebwa kwenye blanketi hadi gari lilipoishia, nje ya ghala lile, na Huseni alishika pembe moja ya blanketi. Alifariki hospitalini Alhamisi, tarehe 12 Februari 2026.

Yanayofuata hamtayaona kwenye ratiba mliyoshika, maana ilikuwa imeshachapwa. Jana, baada ya swala ya Ijumaa, Bwana Huseni alikuja na wanawe na nyundo. Mama Kristiana akamwomba aache, msiba mmoja unatosha. Huseni hakugeuka.

"Shemeji," alisema, "mama yake tulimpitisha juu ya ukuta. Yeye hapiti juu."

Leo asubuhi gari limemleta Ignasi hadi mlangoni kwake, na hakuna aliyenyanyua jeneza kuvuka chochote. Mwanawe Timoth alikuwa ameshaipima njia kwa futi ya baba yake. Ni mita sita na ushee.

Ameacha mjane, Kristiana, watoto watatu, Timoth, Jenifa na Faith, wajukuu saba, na Bwana Huseni, ambaye familia imeomba aketi leo pamoja na ndugu wa marehemu.

Apumzike sasa, kwa amani, mtu aliyetupimia njia.