Madamu Saliha na Miaka Thelathini na Mmoja ya Darasa la Kwanza

Tarehe 31 Julai Madamu Saliha anastaafu, baada ya miaka thelathini na sita ya ualimu. Minne aliifanya Gatumba. Thelathini na mmoja aliifanya katika darasa la kwanza la shule yetu hapa Bujumbura. Uliobaki, mmoja tu, ndio umenifanya niombwe kuandika mistari hii.

Alipewa darasa la kwanza kwa hoja kwamba wanawake wana subira na watoto. Hoja hiyo haikujadiliwa tena. Sisi wanaume tulishika madarasa ya juu, watoto arobaini wanaojua kuketi. Yeye alikuwa na mia moja na kumi na wawili, wanne kwa kila dawati, na kila asubuhi hakukosekana anayelia kumtaka mama yake. Majina yao yote aliyajua kabla ya Oktoba. Ya walimu wenzake aliyachanganya, hasa ya wale wanaochelewa.

Mwaka jana zilikuja fomu za kuwauliza walimu juu ya furaha na msongo wa kazi. Wanaume tulijipa uchovu tisa kwa kumi, furaha nne. Wanawake walijipa uchovu tisa, na furaha tisa vilevile. Mkuu wa shule, Bwana Maxime, alizisoma kikaoni akaridhika kabisa: ikiwa wana furaha, basi wabaki hukohuko madarasa ya chini.

Madamu Saliha akasimama. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja, na tayari ameahidiwa darasa dogo la kumalizia kazi. Akalikataa mbele ya wote.

"Direkta, furaha ni ya watoto, kuchoka ni ya kazi. Mutu asichanganye. Tupige kura ya madarasa, na wanaume wote, na mi pia."

Tulimnunia wiki nzima. Septemba kura ikapigwa katika kofia ya mlinzi. Yeye akapata la tano. La kwanza likamwangukia Tajudini, mwalimu wa darasa la sita kwa miaka kumi na tisa, ambaye ndiye mimi.

Wiki ya pili nilijifungia stoo ya chaki nikalia. Yeye ndiye aliyenifuata, bila kucheka, akanifundisha kunong'ona watoto wanapopiga kelele. Wananyamaza ili wasikie.

Madamu, asante. Tunakuombea afya na asubuhi tulivu huko shambani kwako Ruziba. Na sisi wanaume tunakuomba radhi. Miaka yote ile tulikuwa tukisema unacheza tu na watoto.