Munganga wa Uongo mu Ordinateur ya Marehemu

Batu ya shirika, mumesema nisimame nitoe ushuhuda, basi nimesimama. Munisaidie tu na kimya. Mutu mwenye anachekeshaka batu kila siku, siku anataka kusema kitu ya kweli, banaanza kumucheka mbele afungue kinywa. Ule papa mwenye amekaa nyuma, meno tayari iko inje. Papa, funga kwanza. Leo kicheko iko kidogo.

Munanijua. Mi ni peintre, napakaka rangi nyumba ya batu na yangu inaoza. Masomo nilifika mu quatrième secondaire, tukaachana, na hakuna mwenye alilia kati yetu. Ordinateur, ile kompyuta ya nyumba, haikuwa yangu. Ilikuwa ya mama ya batoto. Yeye alikuwa mwalimu, aliinunua occasion, yenye ilishatumika, juu ya kuandika maulizo ya examen. Mi kazi yangu ilikuwa kuipangusa vumbi.

Na munajua vile alikufa. Tumbo ilianza polepole. Tukauliza majirani, tukasema ni minyoo, tukakunywa dawa ya miti, tukangoja. Siku tulifika ku hospitali, munganga akaniuliza: "Papa, mulikuwa wapi hii wakati yote?" Ndugu zangu, nawaambia, ile neno iliingia mu masikio yangu na haikutoka tena. Ku kilio, ndugu zake nao bakairudilia nyuma ya mugongo yangu: "Bwana yake alichelewa."

Walimurudisha ku nyumba kufia kwetu, mu mutaa ya Kasha. Akaomba nimuletee ordinateur ku kitanda. Mule akaweka sauti yake mara tatu: moja ya batoto, moja ya mama yake kule mu kijiji ya Miti, moja yangu. Mi nilikuwa mu jiko napika bugali yenye hata kuku inakataa. Kiisha akaniita, akasema: "Musisikilize mpaka siku ya kutosha kilio, siku ya kumaliza matanga. Mukisikiliza mbele, mutalia tu, hamutasikia." Sikuigusa. Hata kopi sikufanya. Niliona nikiigusa ni kama namwita mbele ya saa.

Kilio ikakaribia kutoka. Siku moja muchana courant ya umeme ikarudi, nikaunga internet ya telefone ku ordinateur juu nitafute mufano ya karatasi ya kualika batu. Paf! Ekra, kioo ya machine, yote nyekundu. Inalia kama ambulance. Nikasoma na kifaransa yangu ile iliishia mu quatrième: ordinateur yako iko mu hatari, virusi inakula kila kitu, tunza sasa, usichelewe.

Usichelewe! Kuniambia mimi ile neno! Muone vile shetani anajuaka adrese ya mutu.

Mwingine angeenda kuuliza jirani. Mi nikasema hapana, kwa mama ya batoto tuliuliza majirani mpaka akakufa. Leo sichelewe. Nikafinya "ndiyo". Ikauliza tena, nikafinya "ndiyo". Nilisema "ndiyo" mingi kuliko siku ya ndoa.

Njo munganga akaingia. Anajiita antivirus, ana ngao na musalaba mwekundu, safi kabisa. Akaanza kuhesabu magonjwa. Kila kitu nafungua, yeye anafunga: hii nayo iko na virusi. Kiisha akasema, ukitaka nikutunze, ingiza numéro ya carte yako.

Nikatosha carte d'électeur, ile ya kupiga kura.

Musicheke! Mu hii inchi, mutu akikuomba carte, unatoshaka gani ingine? Tena jasho ilishafuta maandishi, nikaipeleka ku dirisha, nikaisoma kama mutu anasoma mawingu. Nikaandika. Ikajibu: carte haikubaliki. Nikasema, aah, hata virusi inajua hii carte imefutika.

Apa njo kicheko inaishia. Ule munganga akanionyesha majina ya ile sauti tatu, yote nyekundu. Akasema hizi zinaambukizana, futa. Na sisi bote hapa tunajua magonjwa ya kuambukiza: mugonjwa unamutosha kati ya bengine. Nikakaa pale, mukono ku ordinateur, nikawaza. Batoto bana haki ya mama yao. Mama mukwe ana haki ya mutoto wake. Nani anaweza kukosa? Nikachukua yangu, nikaifuta. Nikaitosha hata mu poubelle, pipa ya takataka ya ordinateur, nisibakishe ugonjwa mule ndani. Nikasema: yangu ikufe, ile mbili ipone.

Kesho yake nikafungua. Ile mbili haiko. Hakuna kitu. Weupe kama ukuta mbele ya rangi.

Binti yangu mukubwa akaniangalia, akasema, "Papa, uko mugonjwa?" Nikamujibu ni courant ndiyo imenipiga kidogo. Akacheka. Mi nikaenda nyuma ya nyumba, nikashika ukuta na mikono mbili. Nilikuwa nimemuua mama yao mara ya pili, na hii mara kwa kukimbia.

Nikasoma tena ekra: munganga anataka carte ya banki. Ikabaki mutu moja mwenye najua anayo: shemeji yangu, ndugu ya marehemu, anatumika mu biro moja kule Ibanda. Tangu kuzika sikuingia kwake. Yeye ni moja ya bale balisema nilichelewa. Nikaenda na miguu, njia yote natengeneza maneno, na nilipofika maneno yote ikapotea.

"Shemeji, karibu. Batoto balilala muzuri?"

"Balilala. Niazime carte yako ya banki."

Akaniangalia kama mutu amekunywa. "Ya kufanya nini?"

"Ordinateur ya dada yako inakufa. Sitake kuchelewa tena."

Ile "tena", aliisikia. Akauliza polepole: "Nani alikuambia inakufa?"

"Yeye mwenyewe ameandika ku ekra."

"Na dawa, nani anauzisha?"

"Ni ule ule."

"Shemeji. Mwenye analia 'moto, moto' na mwenye anauzisha maji ni mutu moja, na wewe unakimbia kutafuta ndoo?"

Nikaona giza. Akasema, "Ile machine haikuwa mugonjwa. Mugonjwa ni huyu munganga, na weye ulimufungulia mulango." Kiisha uso yake ikabadilika. "Sauti ya dada iko mule?"

Nikamwambia yote. Nilingoja kofi. Akafunika uso na mikono. Kiisha: "Usiiwashe. Hata kuipangusa, acha. Nitakuya Jumamosi, siku ya posho, kiisha kazi ya usafi ya salongo."

Akakuya, matope ya salongo bado ku viatu. Kwanza akakata internet. "Huyu anakulaka kupitia hapa," akasema. Kiisha akawasha ordinateur mu njia ingine, inaitwa mode sans échec, maana yake njia bila kushindwa. Nikamwambia, "Shemeji, kama walimu bangenionyesha ile mode, leo ningekuwa dokteri." Hakucheka sana, lakini alicheka.

Mu ile mode, munganga hakuamuka. Shemeji akaomba ordinateur ionyeshe fichiers, faili yenye ilifichwa, na ile sauti mbili ikatokea, hafifu kama batu banatoka mu ukungu. "Hakuikula," akasema. "Aliificha, juu uogope, utoe carte." Mbele ya kugusa kitu ingine, akafanya kopi mu clé USB mbili, moja akaitia mu mufuko yake, moja yangu. Kiisha tu njo akaanza kumufukuza: akatosha programu yenyewe, akaifuta mu bile bitu byenye binaamukaka pamoja na machine, akasafisha njia ya internet, akaleta antivirus ya kweli mu clé ya kwake ikapita kila fasi. Muchana yote iliishia pale.

"Na ya tatu?" akauliza.

"Ya tatu niliua mi mwenyewe."

Alitafuta. Alitafuta sana. Ikatoka tu bipande, kelele kama mvua ku mabati. "Shemeji, yako imeenda."

"Najua," nikasema. "Pengine alikuwa anasema tu nioshe sahani." Hata mimi sikucheka.

Siku ya kutosha kilio tukapanda mpaka kule Miti, kwa mama mukwe. Batoto bakasikiliza yao. Sitasema iko na nini, ni yao. Kiisha ikabaki ya mama mukwe. Kwetu munajua, mukwe na mama mukwe habakae chumba moja, habaangaliane mu macho, ukitaka kuongea unapitisha mutu. Mi nikatoka, nikakaa inje ku ukuta. Nikasikia mama mukwe anauliza shemeji: "Ya bwana yake ilisema nini?"

"Aliifuta, mama. Juu alifikiri anaokoa hii yako."

Kuku inapita. Kiisha: "Mumwambie aingie. Mwenye hana yake, asikilize yangu."

Nikaingia, nikakaa ku mulango, macho ku ukuta, yeye naye macho ku ukuta wa kwake. Sauti ikaanza, mu Mashi, luga ya kwao, polepole, anakohoa. Mambo ya shamba, maharagwe, ile mbuzi asiiuzishe. Na katikati, nyuma yake, mutu analalamika kutoka mu jiko: "Chumvi iko wapi? Chumvi ya hii nyumba inaendaka wapi?"

Ilikuwa mimi.

Akaacha maneno ya mama yake, akacheka. Na ile maumivu yote, akacheka mpaka akakohoa, kiisha akasema: "Mama, unamusikia? Iko mbele yake."

Ndugu zangu, asante kwa shemeji. Asante kwa mama mukwe, mwenye alivunja haya ya bakubwa kwa ajili ya mupumbafu. Asante kwenu mulileta maharagwe na makala ya kupikia wakati mi sikuweza kuamuka. Yenye nimejifunza ni hii: kitu ikikupigia kelele "haraka, haraka", kata internet, funga, enda uulize mutu mwenye hakuuzishie kitu. Kukimbia haiko dawa ya kuchelewa. Na sauti ya mutu wako, ifanyie kopi leo.

Chumvi sasa najua fasi iko. Lakini siku zingine, nikiwa peke yangu mu jiko, naulizaka tu.