Mwaka Nilioitwa Shemeji

Wazazi wangu, wazee wa usharika, kamwene. Na ninyi wadogo zangu wa safu ya mbele, mnaofunga mabegi kwenda chuo, nawasalimu kipekee, maana mchungaji aliponiomba nisimame hapa alisema niseme hasa na ninyi. Mwaka huu nimemaliza mwaka wa tatu. Ila nusura nisivuke hata wa kwanza.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa Mjimwema. Nilifika chuo, mkoa wa joto, nikiwa na begi la masweta na sina rafiki hata mmoja. Sekondari nilisoma na wasichana watupu, kwa hiyo sikujua mvulana anazoeleka vipi kama si binamu yako. Msicheke, wengine humu mko kama mimi.

Tukapangwa makundi ya kujisomea, diskasheni tunaziita. Katika kundi letu msichana nilikuwa peke yangu. Mmoja wa wale wavulana, kijana mpole, alielewa takwimu vizuri na alikuwa na subira ya kurudia. Nikawa nakaa karibu naye. Tukitoka darasani tunatembea hadi mgahawani, bado tunabishania swali. Basi, hakuna zaidi.

Lakini nawaambia, chuoni ukionekana na mtu mara mbili, ya tatu umeshaozeshwa. Rafiki zake wakaanza: "Shem, mambo?" "Shem, jamaa yuko wapi?" Ndiyo shemeji hiyo, imekatwa. Wazazi, kwetu mtu hawi shemeji mpaka wazee wakae na posa ipokelewe. Kule hakukaa mtu, na mimi mwenyewe sikuulizwa.

Niwe mkweli, nami sikukataa. Ilikuwa na faida zake. Wavulana wasumbufu walikaa mbali, na nikichelewa darasani nakuta nimewekewa kiti. Nikajiambia ni utani, utaisha. Ambacho sikukiona ni kwamba kile kiti hakikuwekwa kwa ajili yangu. Kiliwekwa kwa ajili ya mtu wa jamaa yao.

Mitihani ilipokaribia, yule kijana akaniambia tuwe wapenzi kweli, maana watu wote wanajua tayari. Nikamjibu kwa upole kwamba namheshimu, lakini wazo hilo sikuwa nalo. Hakunitukana, sitamsingizia. Alisema sawa, akaondoka. Kesho yake nikakuta nimeondolewa kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilipowafuata walipokaa, mmoja akaniambia bila kuinua kichwa, "Shem, si mmeachana?" Wakaendelea na swali lao.

Wasichana nao wakasema nimemtumia mtoto wa watu halafu nimemtupa. Nikaacha diskasheni. Kisha nikaacha vipindi vya darasani ambavyo nilijua nitawakuta. Matokeo yalipotoka nilikuwa na sapu ya takwimu na nyingine ya uchumi. Sapu ni mtihani wa marudio, wazazi. Na kwa alama nilizokuwa nazo, nikishindwa tena, chuo kingenirudisha nyumbani.

Nikaja likizo nikamwambia mama nimefaulu. Nikawa nashinda chini ya blanketi, nasingizia baridi, na baridi ya Njombe mnaijua, haina wa kuibishia.

Aliyenitoa chini ya lile blanketi ni msichana niliyekaa naye chumba kimoja bwenini, binti wa mfanyabiashara wa Makambako, Mwislamu. Alinipigia simu sikupokea, akapanda gari akaja. Akamsalimia mama, akala, akanawa mikono, kisha akanigeukia: "Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

Nikasema mwenyewe. Mama alikuwa anamenya viazi. Aliposikia yote, akauliza kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo umefeli kwa sababu umemkataa mtu?"

Nikafikiri. "Hapana, mama. Nimefeli kwa sababu niliacha kusoma."

"Haya, kasome," akasema, akachukua kiazi kingine.

Rafiki yangu akasema mjini kwao yuko kijana wa darasa letu mwenye sapu hiyo hiyo ya takwimu. Tungesomea sebuleni kwao Makambako, mama yake akiwepo. Nikaenda. Mlango ulipofunguliwa, nani anaingia? Yule yule wa "si mmeachana".

"Shem! Kumbe na wewe unayo?"

Mama mwenye nyumba alikuwa anaweka chupa ya chai mezani. Akageuka. "Ni shemeji yako? Ameolewa na kaka yako?"

"Hapana, mama. Tunamwita tu hivyo."

"Jina lake nani?"

Ndugu zangu, mngemwona. Kijana akanitazama, akatazama daftari langu, nalo lilikuwa limelazwa, upande wenye jina chini. Rafiki yangu akataka kumsaidia, nikamgusa mguu chini ya meza. Mwaka mzima tumekaa meza moja, karanga zangu amekula, maswali yake nimemwandikia.

"Silijui, mama," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona haya kweli.

Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi, ila kifua kikawa chepesi. Miezi yote ile nilijiuliza nina kasoro gani hata watu wakanifukuza. Kumbe hawakunifukuza mimi, maana hawakuwa wamenijua. Nikamtajia jina langu. Nikamwuliza na lake, kwa sababu na mimi, semeni mtakavyo, nilijua jina lake la utani tu. Akalitaja. Mama akatumiminia chai, tukafungua swali la kwanza.

Tulisoma pale likizo nzima. Kijana alikuwa mzuri kwenye grafu, mimi kwenye hesabu ndefu. Sapu zote nilivuka, naye akavuka yake.

Mwaka wa pili, mwenzao mmoja aliponiita shem mbele ya darasa, ni huyu kijana wa sapu aliyemsahihisha kabla sijageuka. Wengine wakafuata, wengine hawakufuata, sitawadanganya. Na yule mpole wa mwanzo alinifuata siku moja akasema, "Nilifurahia walivyokuita, nikasahau kukuuliza wewe." Tumesalimiana vizuri hadi siku ya mtihani wa mwisho.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, na viazi vyake. Namshukuru yule binti wa Makambako na mama yake, ambao wangeweza kusema si watu wetu, wasisumbuke. Namshukuru hata kijana aliyekubali kuona haya mbele yangu na bado akakaa tukasoma.

Wadogo zangu wa kike, urafiki na mvulana si dhambi wala si deni. Lakini mtu akikupa cheo usichokiomba, kikatae siku ile ile, hata kama kinakuwekea kiti. Wadogo zangu wa kiume, binti anayekaa karibu na rafiki yako amekuja kusoma kama wewe. Muulize jina lake. Muulize na swali gumu, huenda analijua.

Mchungaji, nakuomba dakika moja ya ziada. Hawa wanaoondoka wametoka shule tofauti, na safu ya wavulana iko huku, ya wasichana kule, tangu ibada ianze hawajaangaliana. Simameni basi. Mmoja mmoja, taja jina lako, kwa sauti ya kufika safu ya pili. Tuanze na wewe, dada, hapo mwisho.