Athanas Mogesi na Madume Mawili ya Mwisho

Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu shikamooni, mimi Benedicto, mdogo wa marehemu, ukoo umenipa kuyasoma maisha yake, nimechoka, mtanivumilia.

Marehemu Athanas Mogesi alizaliwa hapa Matongo mwaka 1911, akabatizwa tarehe 8 Desemba 1926, akasoma shule ya misheni miaka mitatu, akaacha ili achunge. Tarehe 17 Juni 1934 alifunga ndoa na Agustina Robi, wakajaliwa watoto watano, walio hai watatu.

Tangu 1949 wafugaji walimpa kazi ya kuwachagulia dume la mbegu. Hakuamini kamba ya kupimia wala maneno ya mwenye ng'ombe, alitaka madume mawili yasimame bega kwa bega aone lililo kubwa, na taabu ya kuyakutanisha hakuna aliyeijua kabla, maana leo ni kuvuka boma moja tu, kesho mto umejaa na mwenye dume kaenda msibani. Basi alianza na ya jirani, na dume likishindwa, limeshuka pamoja na yote liliyoyashinda, hayatembezwi tena. Watu walimtania kwamba anachagua ng'ombe amekaa, naye akiwajibu kwamba miguu yenu nayo mngeipa akili kidogo.

Machi mwaka huu yalibaki mawili, la Machage wa Itiryo na la Kornelio wa Busawe, safari ya siku mbili na Mto Mara katikati. Alinituma mimi nilipeleke la Machage Busawe. Nilifika mtoni, nikaona maji, nikarudi, nikasema la Machage limeshinda, naye akalitangaza. Baada ya Pasaka watu wa Busawe walisema hawakuniona. Hakunigombeza, alilichukua dume mwenyewe, akavuka maji ya kifuani, akakuta la Kornelio ni kubwa zaidi, akarudi akasimama mbele ya wafugaji, akasema amekosea yeye. Mkamvua kazi, wengine mkamwita mla rushwa wa Machage, nami nilikuwa nimekaa palepale, nikanyamaza.

Safari ile ilimwachia homa ya mapafu, akalazwa siku tisa, akafariki Jumanne tarehe 14 Mei 1957.

Kosa lilikuwa langu, yeye hakula kitu cha mtu. Naomba msamaha kwa Mungu, kwa shemeji Agustina na kwenu.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi, na wafugaji wenzake mliokuja hata mkiwa na kinyongo.

Kaka Athanas, uliyenibebea kosa langu, pumzika kwa amani.