Mvua Moja, Jumla Mbili

Basi la Garissa lilipokaribia Nairobi, Mzee Abdille, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa akimsikiliza mjukuu wake Weris akibishana na abiria mgeni, mchuuzi wa ngamia aitwaye Shuaib. Asubuhi hiyo Weris alikuwa atetee programu yake, iliyoandikwa kwa Fortran, lugha ya kompyuta, mbele ya watahini watatu wa chuo kikuu.

“Kompyuta nne zinagawana vipimo vya mvua, kisha zinaunganisha jumla zao mbili mbili,” alisema Weris. “Amri ya kuunganisha hivyo imo tayari katika Fortran yenyewe.”

“Na jibu ni moja?” aliuliza Shuaib.

“Hutofautiana kidogo mwishoni, Adeer,” Weris alimwita ami kwa heshima. “ Mashine hukata desimali kila hatua. Ukibadili makundi ya vipimo, mkia wa jibu, zile tarakimu za mwisho, hubadilika.”

“Wallahi! Mvua moja, jumla mbili!” Shuaib alicheka. “Abaayo, dada yangu, ficha huo mkia.”

“Wewe ngamia wako mwenye kilema humtangazi kabla ya kuuza?”

“Namtangaza, ni sheria ya dini. Lakini mnunuzi wangu ni mmoja; watahini wako ni watatu, tena maprofesa!”

“Basi watasikia wote watatu.”

Mzee, aliyefundisha maisha yake yote kwamba hesabu ina jibu moja, alitamani kumuunga mkono Shuaib, akashindwa, kwa kuwa Weris alisema kweli. Basi likasimama. “Watakufelisha!” Shuaib alipaza sauti. Weris alikwisha kushuka.